Namna Nilivyopooza Zegereni

Wapo watu ambao wakifika umri wangu hununua shamba. Mimi nilinunua gari la mbio la milango miwili, lililo chini kiasi kwamba kuingia ni kujitupa na kutoka ni kutambaa. Siku lilipofika nyumbani kwetu Sofu, Kibaha, mke wangu alilizunguka, akachungulia ndani, akauliza watoto watakaa wapi. Nikamwambia hili si gari la watoto.

"Naona," akasema. "La mtoto mmoja."

Siku za kazi nilikaa kwenye foleni ya kwenda ofisini Dar na wenzangu wa Kibaha. Jumamosi nilikuwa dereva wa mashindano. Tulikuwa kikundi cha watu wa ofisi wenye vitambi vya heshima, na tulikodi kiwanja cha lami kule Zegereni, ndani ya ukuta wa kiwanda. Jiwe la msingi lilikuwepo, limepakwa rangi vizuri, na lami ya kuegesha malori ilikuwepo. Kilichokosekana ni kiwanda tu. Tulipanga matairi chakavu yakatupa kona, tukawa tunazunguka kwa mwendo wa kutisha mchana kutwa na kurudi palepale tulipoanzia. Kwa watumishi wa ofisi hilo halikuwa jambo geni.

Tatizo letu likawa stering. Barabarani usukani wa gari langu niliugeuza kwa kidole. Kiwanjani ilikuwa habari nyingine: kona juu ya kona, injini inanguruma muda wote, pampu ya stering inazunguka bila kupumzika na oili yake inachemka. Kwanza pampu inalia. Halafu oili inafanya povu, inamwagika kwenye bomba la ekzosi, moshi unapanda, na usukani unakuwa mzito hadi mabega yanaomba msamaha.

Fundi yeyote angetuambia la kufanya. Sisi tukaunda kamati. Mwenyekiti wetu, bwana ambaye amekaa kwenye semina nyingi kuliko alizokaa nyumbani kwake, akaitisha semina elekezi kiwanjani na kutundika bango ukutani: SEMINA YA KUPOOZA STERING. Alikusudia kuandika kupoza, yaani kuondoa joto. Akaongeza herufi moja, na stering zetu zote zikapata kiharusi. Tulicheka mpaka tukashikana. Yeye akasema tusihangaike na vitu vidogo, joto ni changamoto mtambuka. Tangu siku ile, kwenye kundi letu la simu, stering ikichemka hatukusema imechemka. Tulisema imepooza.

Maazimio ya semina yalikuwa mazuri sana, na hakuna hata moja lililofanya kazi. Mmoja alifunga kifeni cha kompyuta juu ya pampu. Mwingine alimwagia pampu maji ya chupa, ikapasuka. Mimi nilijaza oili mpaka mdomoni, nikiamini kwamba ikiwa nyingi itachelewa kuchemka. Oili ikipata moto hutanuka. Ikatapika yote.

Hapa lazima nimseme mama yangu, maana yeye ndiye aliyelipia akili zetu hizi.

Mama anaishi Kisarawe. Nilipotaka kuoa alisema hamtaki huyo mtu wa baridi, kwa kuwa kwao mke wangu ni Rombo, na tena ni Mkristo, na mimi nilikataa kumlazimisha abadili dini. Tukafunga ndoa ya bomani. Mama akaapa kwamba mguu wake hautakanyaga kwangu, na mama akiapa ameapa. Wanangu walimjua bibi yao kwa sauti ya kwenye simu. Kisarawe nilikwenda peke yangu, na kila safari mke wangu alinifungia kitu cha kumpelekea mama, kitenge au sukari, na mama alikipokea bila kuuliza kimetoka kwa nani. Kwenye kundi la ukoo la simu, wake za binamu zangu wote walikuwemo. Wangu hakuongezwa. Liliniuma, na kila nilipolisema mama alinijibu kwa kuniuliza hali ya mvua Kibaha.

Basi Jumamosi moja usukani ulikufa katikati ya kona na gari likaniingiza kwenye matairi. Mikono ilikuwa imekufa ganzi kwa kupigana na usukani. Nikachukua simu kuwaandikia wenzangu wa kikundi, ambao siku hiyo wengi hawakuja: "Wakuu, imepooza kabisa. Mikono yote imekufa. Niko hapa Zegereni siwezi kugeuka. Nishaurini."

Ujumbe nikautuma kwenye kundi la ukoo.

Sikujua. Niliitupa simu kwenye kiti, ikaishiwa chaji, nikasubiri kama saa mbili injini ipoe, kisha nikalivuta gari kwenda nyumbani polepole, nikipigana na usukani kila kona. Nilipokata kuingia mtaani kwetu niliona watu langoni, na gari nisilolijua. Katikati yao alikuwa mama yangu, khanga imefungwa kiunoni, chupa ya mafuta ya nyonyo mkononi, analia kwa sauti. Alikuwa amekodi gari la jirani yake na kupita njia ya vumbi mpaka Kibaha. Mke wangu alikuwa amemshika kiuno asianguke. Yeye hakuwa kwenye kundi la ukoo, kwa hiyo alikuwa wa mwisho kujua kwamba mumewe amepooza.

Nilitaka kutoka haraka niwaonyeshe kwamba ni mzima. Lakini lile gari halitoki mtu haraka, na mikono sikuwa nayo. Nikatanguliza kichwa, kiwiko kikateleza, nikadondoka chini na kuanza kutambaa.

Mama alipiga yowe lililowatoa watu mpaka wa mtaa wa pili.

Waliniingiza ndani wamenibeba. Mlango ulipofungwa nikamweleza mama yote, pampu, oili, bango, na ile herufi moja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatazama sebule, picha za watoto ukutani, miguu yake mwenyewe juu ya mkeka wetu. Nilimwona anahesabu alichokifanya, na niliogopa kuliko nilivyoogopa kwenye kona yoyote. Angeweza kuinuka aondoke, na hapo asingerudi tena.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Hakuna, mama."

"Mimi sikuvunja kiapo changu kwa ajili ya gari," akasema. "Nimekuja kumuuguza mwanangu. Umesikia? Lala chini. Umepooza."

Nikalala. Akamgeukia mke wangu, ambaye alikuwa bado amesimama mlangoni, hajui akae au atoke. "Na wewe, mama, nipashie haya mafuta. Yasichemke."

Hakuwahi kumwita kwa jina lolote kabla ya hapo. Mke wangu aliipokea ile chupa kwa mikono miwili na kukimbilia jikoni, na nilisikia anavyolia akijifanya anakohoa.

Nilikaa ndani wiki nzima nikiwa mgonjwa, nikichuliwa asubuhi na jioni. Majirani walileta pole na uji. Mwenyekiti alikuja na ujumbe wa kamati, akaanza kusema kwamba tatizo ni joto la pampu, na mke wangu akamziba mdomo kwa kitumbua.

Kwa kuwa aliyepooza hana pa kwenda, nilipata muda wa kumsikiliza fundi kwa simu, jambo ambalo kamati haikuwahi kulifikiria. Kisha akaja kulichukua gari, akanifungia rejeta ndogo ya oili ya stering mbele kabisa, mahali upepo unapopiga. Akaweka oili inayohimili moto na kuacha nafasi juu yake ya kutanukia, akakinga bomba la oili lisipigwe na joto la ekzosi. Akaniambia nisiugeuze usukani mpaka mwisho na kuung'ang'ania hapo, na kila baada ya raundi chache niende moja ya polepole ili kila kitu kivute pumzi. Tangu hapo stering haijachemka tena.

Mimi ndiye sijapona. Nikienda Kisarawe naning'iniza mkono wa kulia, na wazee wananishika bega wakinisifu kwa subira. Mke wangu naye huenda, anakaa mbele, kwenye usukani. Mama alituma sauti kwenye kundi la ukoo akaamuru aongezwe, "maana ndiye anayemuuguza." Na kila mwezi mama anakuja Sofu na chupa yake, analala, anagombana na mke wangu kuhusu chumvi, anawafundisha wanangu kumdanganya kila mtu kuhusu baba yao.

Safari iliyopita nilijisahau, nikanyoosha mkono kuchukua birika juu ya kabati. "Shusha," mke wangu akaninong'oneza, huku akitazama mlangoni.

Mama alikuwa amekwisha kuingia. Aliutazama ule mkono, nami nikaushusha taratibu.

"Vipi mwanangu, umepata nafuu?"

"Bado, mama."

"Alhamdulillahi," akasema, na kumpa mke wangu mafuta ayapashe.