Siku Niliyomwitia Mtu Mwizi

Mimi nina hasira za karibu. Mke wangu husema hasira zangu hutangulia kufika, kisha mimi nafuata nyuma nikiomba radhi.

Daktari aliniagiza nipunguze kitambi, nami nikaamua kununua baiskeli ya mbio ya mtumba, ile nyepesi yenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume. Muuzaji alikuwa fundi wa baiskeli wa Uthiru, mwanamume wa miaka thelathini hivi. Tulikutana Adams Arcade, kando ya Ngong Road jijini Nairobi, saa nne asubuhi. Nikagonga fremu, nikazungusha pedali, nikajifanya mjuzi. Tulipopatana nilimtumia pesa zote kwa simu. Hapo akabonyeza magurudumu kwa kidole gumba, akaipanda baiskeli na kusema jambo huku lori likipita. Nilisikia maneno matatu tu: "Buda, wacha nihepe..."

Buda ni mzee, na kuhepa kwa vijana wa Nairobi ni kuondoka tu. Binti yangu huhepa kila asubuhi kwenda chuoni. Lakini mimi nilikulia Machakos, na kwa Kiswahili nilichochapiwa viboko shuleni, aliyehepa ametoroka. Nilimwona akikata Ngong Road, mgongo ameukunja, na damu ikanipanda kichwani.

"Mwizi! Mwizi huyo! Shika!"

Sikuita mara moja. Niliita mara tatu, kwa sauti yangu yote ya kwaya.

Watu wa boda walimfikia ng'ambo, mlangoni mwa kituo cha mafuta, kabla sijavuka barabara. Wa kwanza alimpiga teke akiwa bado juu ya baiskeli. Wa pili alimpiga helmeti mdomoni, nikasikia meno yakivunjika. Mama muuza mayai aliacha beseni lake akaja na jiwe. Hakuna aliyeuliza ameiba nini.

Mhudumu wa kituo alikuja mbio akipiga kelele: "Wachaneni na yeye! Amekuja kuweka presha kwa tairi!"

Nikajipenyeza katikati yao. Nikalia, "Si mwizi! Mimi ndiye nimekosea!"

"Mzee, kaa kando," mmoja akaniambia kwa upole, akinishika bega. "Hii tutakumalizia."

Mwenzake alikuwa tayari anafungua mfuniko wa tangi la pikipiki, chupa mkononi.

Nilimlalia yule fundi. Msiniite shujaa, niliogopa kuishi na moto ule maisha yangu yote. Jiwe lililomlenga yeye likanivunja ubavu. Nikapiga kelele kwamba ni mwanangu, kwamba tumegombana nyumbani, na uongo huo ndio waliousikia. Walitawanyika mmoja mmoja, wakilalamika kwamba nimewapotezea wakati. Mama wa mayai alirudi kwenye beseni na kumhudumia mteja.

Hospitalini jicho lake la kushoto halikufunguka. Nilikaa kando ya kitanda, nikamwambia kwamba sauti aliyoisikia ilikuwa yangu. Nilitaka anitukane. Nilitaka hata anitemee mate.

Aligeuza jicho lililobaki upande wangu. Kisha akauliza kama baiskeli nimeichukua. Nikamwambia iko nje, imeegemea ukuta.

"Mzee," akasema, maneno yakipita kwa shida kwenye midomo iliyovimba, "ile tairi ya nyuma sikuwa nimemaliza. Usipande hivyo, itakuangusha."