Watoto wa Ndani

Kazi ya ukalimani niliipata kwa sababu mbili: nilikuwa nimemaliza darasa la nane katika shule ya wasichana ya misheni, na nilikuwa mwepesi wa kutembea. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa nikikaa kwa shangazi yangu, mtaa wa Mlandege, na kila asubuhi nilikwenda hospitali kufua mashuka, kuchemsha sindano na kuwalisha wagonjwa wasioweza kushika kijiko. Siku moja muuguzi mkuu akaniita, akanikabidhi kwa mgeni, daktari mwanamke wa Kizungu, mrefu, mwenye viatu vya kiume na Kiswahili cha kitabuni. Alitaka mtu wa kumfasiria Kihehe vijijini.

Hakuja kutibu, alikuja kuuliza. Maswali hayohayo alikuwa ameshayauliza Bara Hindi, Afrika Magharibi na kwao Ulaya. Siku ya kwanza alinikalisha kwenye ngazi za hospitali akanieleza kazi yake.

"Kuharisha ni kuharisha popote," alisema. "Lakini kwingine mtoto anapona, kwingine anazikwa. Nataka kujua tofauti inaanzia wapi."

Haikuwa imenijia kwamba jambo hilo lina swali ndani yake. Kwetu mtoto akifa watu walisema Mungu ametwaa, wakarudi shambani.

Swali letu kubwa lilikuwa hili: "Mama, umezaa watoto wangapi, na walio hai ni wangapi?" Mimi niliuliza kwa Kihehe, mama akajibu, daktari akaandika kwenye karatasi aliyoibana juu ya ubao. Hakuandika majina. Katika vijiji vitatu vya kwanza wanawake walijibu upesi, bila kusita. Saba, wako sita. Watano, wote wapo. Tulipokuwa tukirudi kutoka kijiji cha tatu daktari alikuwa akizipekua karatasi huku anatembea, nusura ajikwae.

"Hapa wanakufa wachache kuliko mtaani kwetu nilikozaliwa," alisema. "Haiwezekani."

Nikamwambia labda ni hewa ya milimani. Akaendelea kuzipekua.

Kijiji cha nne kilikuwa cha mama yangu. Nilipenda tukiruke, nikaona haya kusema. Mama alikuwa barazani na majirani wawili, wanapukuchua mahindi. Daktari hakutaka nimpendelee mtu, kwa hiyo nilisimama mbele ya mama yangu mzazi, nikamsalimu, nikamuuliza kama nilivyowauliza wengine. Alijibu bila kuniangalia: "Sita. Wako watano." Jibu hilo nililijua. Aliyekufa alikuwa kaka yangu, surua ilimchukua wakati mimi niko darasa la pili. Tukaendelea na majirani.

Mchana daktari alipokwenda kumwona jumbe, mkuu wa kijiji, nilibaki kumsaidia mama kuosha vyombo. Akasuuza sufuria, kisha akauliza, "Na wale wa ndani, huyo mgeni wako anawataka pia?"

"Wa ndani ni akina nani, mama?"

"Waliokufa kabla hawajatolewa nje kuonyeshwa watu. Hao hatuwalilii hadharani. Wanawake wanawazika wenyewe, nyuma ya nyumba, na baba zenu wanajifanya hawajui. Wewe uliniuliza watoto. Wale hawakufika kuitwa watoto."

Nikamuuliza wake ni wangapi. Akasema watatu. Mmoja alizaliwa kimya. Mmoja aliishi siku mbili. Wa tatu, aliyekuja baada yangu, alifikisha karibu mwezi, lakini kwa kuwa alikuwa dhaifu alikuwa bado hajatolewa. Alipoanza kuharisha, mama alimfunga mgongoni chini ya blanketi, mtu asimwone, akatembea naye hadi zahanati. Akakuta dawa imekwisha. Mhudumu akamwambia arudi wiki inayofuata. Wakati wa kurudi, alipofika mtoni, aligundua kwamba mgongo wake umekuwa mzito kwa namna nyingine.

"Sikumshusha," alisema mama. "Niliogopa kuwa peke yangu naye. Nilitembea naye hivyo hivyo mpaka nyumbani."

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa na nilikuwa sijasikia neno hata moja la habari hiyo. Mikono yangu ilikuwa kwenye maji ya vyombo, nikaiacha humo. Kisha nikamuuliza kama naruhusiwa kumwambia daktari, maana niliona kwamba karatasi zote za vijiji vinne zilikuwa uongo ambao hakuna aliyeusema.

"Mwambie," alisema. "Lakini kwanza muulize yeye. Kwao nao wanazikwa nyuma ya nyumba?"

Daktari aliporudi nilimweleza kila kitu mbele ya mama. Akaketi chini kwenye mkeka na ubao wake ukamteleza mapajani. Nikamfikishia swali la mama. Alijibu kwa Kiswahili chake cha polepole, akimtazama mama na si mimi.

"Nimezaliwa kwenye mji wa machimbo ya makaa ya mawe. Wachimbaji walikaa bondeni, maji machafu yakipita mlangoni. Mama yangu alizika wawili, na majirani zake vivyo hivyo. Wenye machimbo walikaa mlimani. Kule juu nilisikia harusi na ubatizo tu. Mazishi ya watoto sikuyasikia."

Nilipomaliza kufasiri, mama alimwuliza, "Na mama yako aliwataja?"

"Mara moja tu," alisema daktari. "Akiwa mgonjwa."

Mama akaitikia kwa kichwa. Akaenda ndani akaleta ugali na maharage, wakala sahani moja.

Ilibidi tuanze upya. Nilitunga swali jipya kwa Kihehe kwa msaada wa mama, swali linalomwanzia mwanamke kwenye mimba ya kwanza na kwenda naye moja moja, taratibu, ndani ya nyumba, hakuna mwanamume karibu. Kulikuwa na wanawake waliolia. Wengine walijibu kwa sauti kavu, kama wanahesabu vyungu. Katika kijiji cha kwanza, mwanamke mmoja wa makamo alikataa kabisa kukaa.

"Mlikuja mkaandika walio hai," aliniambia. "Sasa mnafuata waliokufa. Mkishawaandika, mtawaleta?"

Nilitamani kulainisha maneno yale, lakini niliyafasiri yote kama yalivyo. Daktari aliweka kalamu chini. Halafu akasema, "Mwambie hapana."

Yule mama akasimama kidogo mlangoni. Kisha akaingia, akakaa, akaanza kueleza. Walikuwa wanne.

Kiangazi kilipoanza tulikwenda Mbeya. Basi liliharibika njiani, Igawa, tukangoja siku nzima barabarani, vumbi jekundu likijaa masikioni. Huko Mbeya sikujua lugha za watu, kwa hiyo mke wa mwinjilisti wa huko alifasiri toka Kiswahili changu. Tuliuliza katika vijiji viwili vya mlima mmoja. Watu walikuwa wa kabila moja, walilima viazi na mahindi yaleyale, wakapigwa na baridi ileile. Cha juu kilikuwa na wa ndani wengi. Cha chini kilikuwa na wachache, kwa sababu mkunga wa misheni alikaa pale, na maji yalikuwa yamevutwa kwa bomba kutoka kwenye chemchemi iliyozungushiwa ukuta. Kati ya vijiji hivyo viwili ulikuwa mwendo wa saa moja na nusu. Daktari aliniwekea karatasi mbili kando kwa kando juu ya boneti ya gari la misheni lililotuleta, akanitaka nizisome mwenyewe.

Alipoondoka nchini nilikwisha kuomba kusomea ukunga. Barua yake moja ilinifikia nikiwa mafunzoni. Aliandika kwamba swali letu jipya amelipeleka nchi nyingine, na kwamba huko nako wameanza kupatikana watoto ambao hawakuwa kwenye karatasi.

Nilipohitimu niliomba nipangiwe zahanati ya kwetu, ile ambako mama alikuta dawa imekwisha. Nikaambiwa hakuna nafasi ya mkunga pale, nikapelekwa milimani upande wa Mbeya, safari ya siku mbili kutoka nyumbani. Nilikwenda. Mwaka wa kwanza niliwapokea watoto wa akina mama ambao lugha yao nilikuwa bado najifunza, na siku nilizopewa likizo, wanawake wa kijiji chetu walinifuata barazani kwa mama, mmoja mmoja, na matumbo yao, wakiniuliza nitakaa hadi lini.

"Hadi Jumapili," niliwajibu.