Mwali Asiyetoka kwenye Waridi

Zuberi wa Magomeni ya huku Kusini aliishi kwa kanuni aliyoitunga mwenyewe na kuiandika kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa studio yake: Mwali asiyetoka kwenye waridi, bado yumo ndani.

Kanuni hiyo haikutoka kwa wazee wala kwa makungwi. Ilitoka kwenye programu ya kuhariri video ambayo Zuberi aliinunua ujanani, baba yake alipouza korosho vizuri. Ndani ya programu ile mlikuwa na waridi jekundu lililofunguka jani moja moja, na katikati yake ungeweza kuweka picha ya mtu. Walioitengeneza walilikusudia kwa maharusi. Zuberi akamweka mwali. Video ya kwanza ilipooneshwa kijijini, binti aliyetoka unyagoni akichomoza katika waridi kama kifaranga kwenye yai, wanawake walipiga vigelegele hata jenereta halikusikika. Kesho yake Zuberi akanunua kopo la rangi.

Mtu anayetafuta wateja husema mengi, na mengi hupotea hewani. Hili halikupotea. Kuanzia Likombe mpaka vijiji vya kule mto Ruvuma unakoingia baharini, likageuka desturi. Asubuhi mwali hutolewa kwa ngoma na khanga mpya. Jioni wageni hukaa mbele ya skrini, na hakuna anayetoa zawadi mpaka waridi lifunguke. Wazazi walimwuliza Zuberi mara nyingi kama ni lazima. Naye alijibu kwa unyenyekevu, "Mimi si mwenye mila, mama. Mimi naonesha tu." Ulikuwa uongo uliovaa kanzu.

Mwishoni mwa mwaka jana kampuni yenye programu ile ikaamua kuachana nayo. Programu hiyo, ikishapita mwaka wa kwanza, kila ilipowashwa iliuliza kwao kwa njia ya intaneti kama leseni bado ni halali, na sasa huko hapakuwa na wa kujibu. Kwenye skrini ya Zuberi kikatokea kisanduku cha kijivu chenye maneno ya kumshukuru kwa kuwa mteja mwema. Hakikuondoka.

Kundi la WhatsApp la wapiga video wa Kusini likageuka matanga.

"Poleni wafiwa," aliandika Fredi, mpiga video wa harusi za kanisani. "Jumamosi nina harusi na sina hata njiwa mmoja. Wote walikuwa mle ndani."

"Kamata kuku, mpake chokaa," akajibiwa.

"Tuunde ujumbe tuwafuate hao wenye kampuni," alisema mwingine.

"Wako wapi?"

Hakuna aliyejua. Walikuwa wamewategemea watu hao maisha yao yote ya kazi, na hakuna hata mmoja aliyejua wanaishi nchi gani. Kasiani wa Masasi akapendekeza kufunga na kuomba, kisha akauliza kama kufunga huko kunahusu na chai.

Wiki haikuisha wenzake wakahamia kwenye programu za simu. Zuberi hakuweza. Waridi lile halikuwa kwingine kokote, na safari hii mwali alikuwa binti yake.

Rukia alikuwa amemaliza darasa la saba, akachaguliwa kwenda sekondari ya bweni, mkoa mwingine. Likizo hiyo alikuwa ndani kwa Bi Mwanakombo, kungwi wa Naliendele, na alitakiwa atoke kabla shule hazijafunguliwa. Asubuhi akatolewa vizuri, ngoma ikalia. Jioni Zuberi akaonesha video aliyoiunga kwa simu. Ilipokwisha, hakuna aliyegusa zawadi yake.

"Waridi liko wapi?" aliuliza Bi Mwanakombo.

"Limefungwa, bibi."

"Nani kalifunga?"

"Kampuni."

"Kwa hiyo kampuni imemfungia mjukuu wangu ndani." Bi Mwanakombo akawageukia wanawake. "Mrudisheni chumbani."

"Baba, shule inafunguliwa Jumatatu!" alisema Rukia. Viatu vya shule alikuwa ameshavivaa.

Mwanaidi, mama yake, akamtazama mumewe. Bi Mwanakombo naye akamtazama. "Zuberi mwanangu, hilo waridi hatukulileta sisi. Ulilileta wewe. Kama ni urembo tu, sema, mtoto aende zake sasa hivi."

Zuberi akatazama mikeka. Walikaa pale mama za mabinti wote aliowahi kuwachomoza. Wengine walikopa, wengine waliuza mbuzi ili wapate hilo waridi. Sentensi moja ilitosha. Akasema, "Nipe siku chache, bibi. Nitalifungua."

Namtetea Zuberi kwa mengi, lakini hapo simtetei. Mtu mzima aliombwa ukweli kwa upole, mbele ya mtoto wake, akaomba muda.

Kasiani akamfundisha ujanja: rudisha tarehe ya kompyuta nyuma, programu idhani wenyewe bado wapo. Zuberi akarudisha kidogo kidogo, ikawa inakataa, mpaka alipofika mwaka ule alioinunua. Hapo ikafunguka bila kuuliza. Waridi likachanua, Rukia akachomoza. Lakini programu hiyo ilipiga tarehe yake chini ya kila picha, na haikukubali kuifuta. Zuberi akaweka njiwa kuifunika. Njiwa wa programu ile hawakuumbwa kukaa; alitua, akatazama huku na huku, akaruka.

Wanawake walikusanyika tena. Mwanaidi, aliyesoma, akaisoma tarehe kwa sauti.

"Mwaka huo Rukia alikuwa ananyonya," alisema.

"Basi ametoka kabla ya kuingia," Bi Mwanakombo akakata shauri. "Jambo hili silijui. Arudi ndani mpaka nilifikirie."

Wakati Bi Mwanakombo akifikiri, shule ilikwishafunguliwa. Mwalimu mkuu akapiga simu: wako watoto wanaosubiri nafasi, na kitanda hakiwezi kukaa wazi. Zuberi akatoka mbio mpaka Naliendele, akasimama uwanjani akihema.

"Jamani, niliwadanganya! Waridi si mila. Nililiweka mimi, kwa biashara. Mtoeni mtoto wangu!"

Alitegemea matusi. Yalimkuta makubwa zaidi: hakuaminiwa.

"Unasema hivyo kwa sababu limekufa," alisema mama mmoja.

"Mwanangu alitoka kwenye waridi, akapata mume mwenye nyumba ya bati," alisema mwingine. "Leo unataka kuniambia hakutoka?"

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," alimalizia Bi Mwanakombo. "Ulipoulizwa ulisema utalifungua. Lifungue."

Wala hawakuwa wajinga. Walikuwa wamemwamini kwa miaka, naye sasa aliwataka waache kumwamini kwa asubuhi moja.

Basi Zuberi akapasua mianzi, akaikunja, akaivika khanga nyekundu za mkewe, jani juu ya jani. Kazi hiyo ilimshinda mara ya kwanza, waridi likawaangukia wapiga ngoma, akaanza upya. Lilipokamilika lilikuwa kubwa kama kibanda cha chipsi. Rukia akaingizwa kwa nyuma, wanaume wakavuta kamba, majani yakafunguka kwa shida, naye akatoka akiwa na begi la shule mgongoni na uso usiocheka. Vigelegele vikapigwa. Bi Mwanakombo akaitikia kwa kichwa kuwa ameridhika, na jioni hiyohiyo watu watatu wakamwagiza Zuberi waridi la mianzi.

Ameshayapaka maandishi ya ukutani chokaa. Wateja wanayakumbuka bila kuyasoma.

Rukia alipofika shuleni, kitanda chake kilikuwa na mtoto mwingine. Sasa anasoma shule ya kutwa ya kata, na ile ya bweni aliyofaulu kuingia hakuisoma hata siku moja.