Daftari la Bi Tabu

Bei alizotuma Hemedi kwa redio ya mawasiliano zilinaswa na mpinzani wake, Alawi. Hivyo Hemedi, mnunuzi wa korosho, alikwenda mtaa wa Chikongola kwa Bi Tabu, karani mstaafu wa simu za maandishi, kununua daftari lake lenye njia ya kuandika kwa siri.

"Haliuzwi. Nafundisha."

Akajifunza. Siku aliyotuma bei ya korosho za Ziwani kwa maandishi hayo ya siri, akamkuta Alawi kibarazani kwa Bi Tabu, daftari mapajani.

"Bibi, hata huyu?"

"Njia nafundisha yeyote mwenye ada. Neno lako la siri la kufungulia maandishi umempa nani?"

"Mwenzangu wa Ziwani tu."

"Sasa unahofia nini?"

Alawi aliendelea kupekua kurasa, lakini bila neno hilo hakuweza kuisoma bei. Jioni korosho zote za Ziwani zilipakiwa kwa jina la Hemedi. Daftari Hemedi hakuuziwa; Bi Tabu alibaki nalo, pamoja na wanafunzi wawili.