Mama mkwe wangu na salamu za tramu

Leo nimejifanya simjui mama mkwe wangu ndani ya tramu. Kabla hamjanihukumu, someni.

Ametoka Kitale juzi tu, kunitembelea hapa Sydney. Tumepanda kituo cha Westmead, watu wamekodolea simu macho kistaarabu kabisa, mama akaanza kuwasalimia abiria mmoja mmoja.

Kwa mkono!

Mimi, mwanamke wa kisasa, nikachomeka earphones nikatazama dirishani. Sydney hatusumbuani, jamani. Tunaheshimiana sana, hata majina hatuulizani.

Bibi mmoja Mkorea akaushika ule mkono asiuachie. Wakacheka njia nzima, kila mmoja na Kiingereza chake cha kuokoteza.

Tukashuka Telopea. Bibi naye akashuka.

Akaingia geti letu. Akapanda ngazi zetu. Akafungua mlango unaotazamana na wangu.

Tangu nihamie hapa namwita "yule wa namba nne".

Mama akanigeukia: "Kumbe unaishi mlango kwa mlango na Soon-ja, na hukuniambia!"

Nikaanza kutafuta funguo za mlango wangu.

Kesho mgeni wangu amealikwa chai namba nne. Mimi mwenyeji sikutajwa.

Nyinyi majirani zenu mnawajua, ama mnawaheshimu kama mimi?