Herufi Iliyokatwa Kinywani mwa Koromeo

Saa mbili na nusu asubuhi, Koromeo anavua viatu mlangoni mwa chumba kilichowahi kuwa stoo ya viti. Anavua na bangili, maana zikigongana kipaza sauti kinazinasa. Kutani yamebandikwa magodoro yaliyokatwa vipande vipande, na feni imezimwa ili isivume. Humo ndani mtu hutoka jasho kabla hajasema neno.

Kwa kawaida hukohoa mara mbili kusafisha koo kabla ya kurekodi, na ndiyo asili ya jina alilobandikwa na wenzake. Leo hakohoi. Leo amefura. Ameikunja skripti mkononi hadi karatasi zimelowa.

"Niwashe?" anauliza fundi sauti kutoka upande wa pili wa kioo.

"Subiri. Nikifungua mdomo sasa hivi nitatukana mtu."

Koromeo, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, ni mtafsiri na mtia sauti wa katuni za Kijapani, zile ambazo vijana huziita anime. Hutafsiri kutoka kwenye maandishi ya Kiingereza, sentensi mia tatu hivi kwa kipindi kimoja, kisha huingia chumbani humu na kuwatia sauti wanawake wote wazee. Hulipwa kwa kipindi, si kwa mwezi, kwa hiyo wiki akishikwa na mafua hana kitu.

Kazi iliyompandisha mori ni tamthilia ya vipindi kumi na vitatu iitwayo Nguo Zisizofuatwa. Ni habari ya msichana aliyekufa ambaye bado anafanya kazi katika duka la dobi. Kila kipindi huja mtu kuchukua vazi lililoachwa na marehemu wake, na msichana humkabidhi likiwa limepigwa pasi. Mwenye duka ni bibi mmoja mkali asiyetaka hata kumwona. Hakuna wa kukutisha mle. Msichana anakunja nguo, anangoja, basi.

"Kila mtu mle ndani ni mtu," anasema Koromeo. "Kipindi cha tano kuna mzee ananusa koti la mkewe dakika nzima. Dakika nzima, hakuna neno! Mimi nilikaa pale sina cha kutafsiri, kazi yangu ikawa kulia."

Lakini si wa kusifia tu. Anazihesabu kasoro kwa vidole, na vidole havimtoshi.

"Kipindi cha nane wote wanakwenda ufukweni kucheza mpira, utadhani wamesahau kuna msiba. Cha kumi anazuka jamaa ana upanga, eti mwindaji wa mizimu, hatujawahi kumsikia hata siku moja. Halafu vile vinanda! Moyo ukianza kukuuma wenyewe, wanakumwagia vinanda kana kwamba wewe ni mjinga hukuelewa. Lakini niliwasamehe yote kwa ajili ya yule bibi na yule binti."

Kwenye Kiingereza, bibi anamtaja binti kwa neno la kitu, "it", kwa vipindi vinane. Katika kipindi cha tisa anamtaja kwa neno la mwanamke, "she", kwa mara ya kwanza. Kiswahili hakina maneno hayo mawili. Koromeo alikaa na tatizo hilo siku tatu, akala bila hamu, mumewe akadhani wamegombana.

Siku ya nne akalipata jibu, na likawa dogo kuliko alivyotarajia. Vipindi vyote vya mwanzo bibi anamwambia paka wake: "Ule mzimu umeingia tena." Kipindi cha tisa kengele ya mlango inalia, bibi anaweka ufagio chini, anamwambia paka: "Ameingia."

"U ikawa A," anasema. "Kitu kikawa mtu. Sijawahi kutafsiri kitu kizuri kama kile, na sijui kama nitakuja kukipata kingine."

Herufi hiyo haikumjia kwa bahati. Kabla ya kazi hii alisoma matangazo ya vifo redioni kwa miaka kumi na mmoja. Wiki ya kwanza kabisa, baada ya kusoma kwamba mwili utaagwa saa nne, ulimi uliteleza akaendelea: "Marehemu utazikwa saa saba." Baada ya mazishi, mjane akafika redioni, hata nguo za msiba hajavua.

"Hakupiga kelele. Aliniambia, 'Mwanangu, mwili ndio utazikwa. Mume wangu atazikwa. Mimi sikuolewa na mzigo.' Nilitamani ardhi ipasuke inimeze."

Hakuteleza tena. Miaka kumi na mmoja, matangazo kwa maelfu, hakuna maiti hata mmoja aliyemvua utu wake kwa bahati mbaya. Ndiyo maana kilichotokea Jumapili iliyopita kinaudhi hata kukisimulia.

Jioni hiyo alikuwa amekaa sebuleni na mumewe na mama mkwe, wakingojea kipindi cha tisa. Alikuwa amewaahidi kuwa kuna neno watalisikia. Kengele ya mlango ikalia. Bibi akaweka ufagio chini. Koromeo akasikia sauti yake mwenyewe ikisema: "Umeingia."

"Anamwambia nani?" akauliza mama mkwe. "Paka? Paka si alikuwa humo ndani tangu mwanzo?"

"Mama, mimi sikusema hivyo."

"Sasa nani kasema? Si sauti yako hiyo?"

Kesho yake alikwenda ofisini, akaonyeshwa karatasi ya msahihishaji mpya wa lugha. Bwana huyo hakutazama hata kipindi kimoja. Alisoma maandishi tu, akaandika chini: "Makosa arobaini na moja ya upatanisho wa kisarufi yamesawazishwa." Mzimu, kwa mujibu wa kitabu chake, uko katika ngeli ya U-I, mchezo umekwisha. Na kwa kuwa sauti ilikwisha kurekodiwa, ofisi haikujisumbua kumwita mwenye sauti. Fundi aliagizwa akate "U" kutoka kipindi cha pili, aiunge pale.

Yaani walichukua herufi kinywani mwake, wakamtukania binti kwa mdomo wake mwenyewe.

"Niliagizwa, dada," anasema fundi, mtu mzima mwenye watoto watatu, bila kuinua macho. "Nikaona ni herufi tu."

Akiulizwa kwa simu, msahihishaji anajibu kwa utulivu wa mtu aliyelala vizuri. "Sarufi ni sarufi. Hatuwezi kubadili ngeli ya neno kwa sababu mtu ana huzuni." Mkurugenzi naye anasema watazamaji hawakulalamika.

"Hilo ndilo linaloniua!" Koromeo anapigapiga meza. "Watalalamikaje? Umemwibia mtu kitu ambacho hajakiona bado, halafu unasema mbona hakulia?"

Leo ni zamu ya kipindi cha mwisho. Nguo ya msichana mwenyewe inafuatwa hatimaye, naye anaondoka. Bibi anakunja aproni ya binti na kusema neno moja. Koromeo aliandika: "Amepumzika." Kwenye skripti iliyolowa jasho mkononi mwake limefutwa kwa wino mwekundu, juu yake imeandikwa: "Umepumzika." Mkataba unairuhusu ofisi kubadili maandishi itakavyo. Akigoma, ataitwa mwingine, na mwingine atasoma wino mwekundu.

"Nionyeshe tena picha," anamwambia fundi.

Picha inapita. Bibi ameipa kamera mgongo.

"Mdomo hauonekani, sivyo?"

"Hauonekani."

"Basi naweza kurefusha. Washa."

Anasogea, macho ameyafumba. "Mwanangu amepumzika."

Fundi anavua hedifoni. Anampigia msahihishaji, anaweka spika, anasoma sentensi. Upande wa pili zinasikika kurasa zikifunuliwa.

"Mwanangu ni A-WA," inasema sauti. "Hiyo ni sahihi. Haina tatizo lolote."

Fundi anacheka hadi anashika kiti. Koromeo anatoka chumbani, hacheki.

"Unafurahia nini? Hiyo ni sentensi mbaya. Yule bibi hajamwita mtu mwanangu tangu kipindi cha kwanza, na asingemwita hata kwa viboko. Ndiyo utamu wake! Sasa na mimi nimemwaga vinanda."

Mezani kuna mkataba wa msimu wa pili. Hatausaini, anasema, hadi kiandikwe kifungu kwamba sauti yake haikatwi bila yeye kuwepo. Kuhusu kipindi cha tisa, kitarudiwa mwezi ujao, naye amemwandikia mkurugenzi barua akidai A yake irudishwe. Anamgeukia fundi, anaomba walau aisikie ile ya kwanza.

Fundi anakuna shingo. "Haipo, dada. Niliihifadhi ile nyingine juu yake."

Koromeo anavuta kiti. Anakaa. Kisha anainuka na kurudi chumbani, na fundi anawasha kipaza sauti bila kuomba ruhusa ya mtu.

"Ameingia."

Anarudia. "Ameingia." Anarudia mara ya tatu, na ya nne.

"Dada," anasema fundi polepole, "bibi pale hakuwa na hasira."

"Najua."

"Wewe bado unayo."

"Najua, nimekwambia!" Anaufuta uso kwa kiganja, anaanza kuvaa bangili moja moja. "Nitakuja kesho. Isipotoka kesho nitakuja keshokutwa. Siku hasira itakaponitoka, tutairekodi."