Colman na Likizo ya Kwaresima

Mdogo wangu Colman Tuohy hajawahi kutulia tangu azaliwe. Kazi yake ni kutengeneza mabasi, na karakana nzima inampenda kwa sababu hawezi kuona boliti imelegea akaiacha mpaka kesho. Lakini mwaka ule, kadiri Siku ya Patriki, sikukuu ya mtakatifu wetu, ilivyokaribia, alizidi. Alikuwa anapita kwangu akitoka kazini, anaketi kidogo, anainuka, anafungua friji, anaifunga, kisha anaanza kukaza bawaba za kabati ambalo halikuwa na tatizo lolote.

"Kaa basi, unanitia kizunguzungu," namwambia.

"Nimekaa siku nzima, Dympna."

Uongo mtupu. Fundi wa mabasi akae wapi?

Shida yake niliijua, na katika ukoo mzima ni mimi tu niliyeijua. Colman alikuwa ameacha pombe. Sisemi amepunguza, nasema ameacha. Mapema Desemba alimsahau binti yake shuleni mpaka giza likaingia. Mlinzi alikaa na mtoto langoni, na baba mtu alipotafutwa alikutwa baa anaimba. Imelda, mkewe, hakupiga kelele. Alifungasha nguo, akachukua watoto wote wawili, akaenda kwa mama yake, mji wa Athlone. Alimwachia neno moja: Pasaka uje utuchukue, kama hujaonja hata tone. Na Imelda si mtu wa kubembelezwa. Wengine wote waliambiwa amekwenda kumuuguza mama yake.

Kwa nini Colman hakusema ukweli? Kwa sababu kwetu ukisema umeacha, umekiri kwamba ulikuwa mlevi, na ukoo wetu hauna walevi. Una watu wachangamfu. Una watu wanaopenda kampani. Tumewazika wachangamfu wengi tu, na makaburini pia tuliwasifu kwa uchangamfu wao. Jambo hili linanikera mpaka leo.

Basi akawa anajificha kwenye kalenda. Krismasi alijitia homa. Januari haikuwa na taabu, maana nusu ya jiji huacha pombe ili matumbo yapate nafuu. Januari ilipokwisha akaumwa jino, jino ambalo daktari hakuwahi kuliona, na akasema vidonge vyake haviendi na kilevi. Kisha Jumatano ya Majivu ikaja, akapumua. Huyu aliacha chokoleti, yule sigara, yeye akatangaza ameacha pombe kwa ajili ya Kwaresima, na watu wakampa mkono. Mama alimsifu kwa majirani mpaka nikaona aibu.

Kosa lake, kosa ambalo mtu wa kwetu tu angeweza kulifanya, ni kwamba alichagua Kwaresima akasahau kuwa Machi ina Patriki ndani yake. Siku hiyo Kwaresima huenda likizo. Aliyeacha chokoleti anakula, aliyeacha pombe anakunywa, na kesho yake wote wanarudi kwenye toba bila hata kuona haya. Sijui ni padri gani aliyeruhusu, lakini kila mtoto wa Dublin anaijua sheria hiyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Na kwa Mama kulikuwa na zaidi. Baada ya chakula cha mchana, mwanamume wa nyumba huchomoa shamroki, yale majani matatu madogo tunayobandika kifuani, akayatumbukiza kwenye glasi ya wiski. Huinywa yote kwa afya ya nyumba, kisha huyatoa majani yaliyolowa na kuyarusha nyuma ya bega la kushoto. Ndiyo kuizamisha shamroki. Baba alifanya hivyo mpaka alipofariki. Sasa ni zamu ya Colman, maana nyumba haina mwanamume mwingine.

Asubuhi tulikwenda Misa. Padri akanyunyiza maji kwenye kapu la shamroki, na Mama akambandika Colman fungu lake kifuani kwa pini.

"Umejinyima vya kutosha, mwanangu," akamwambia. "Tazama ulivyopauka. Leo utapata rangi."

Mlangoni, Mjomba Mossie, mdogo wake Mama, alimdaka kabla maji ya baraka hayajamkauka vidoleni.

"Haya mpwa wangu, leo umefunguliwa."

"Bado asubuhi, Mjomba."

"Asubuhi ya wapi? Patriki mwenyewe ameshaamka."

"Tutaonana kwa Mama."

"Tutaonana, ndiyo. Na mimi ndiye nitakayemimina. Wewe mkono umeshaota kutu."

Colman alicheka kwa adabu, akanishika kiwiko. "Twende. Tusisimame popote."

Hatukusimama. Alikuwa ameipanga siku nzima kwa miguu. Tulilitazama gwaride huku tunatembea, yaani tulikwenda nalo sambamba, nyuma ya migongo ya watu, na matarumbeta tuliyasikia zaidi ya kuyaona. Kisha akanivuta kwenye uwanja ambako watoto walikuwa wanapakwa rangi ya kijani usoni. Kisha tukaenda walikocheza ngoma za kwetu barabarani, akaingia kwenye duara, akaruka na bibi mmoja mpaka bibi akaomba apumzike. Kisha makumbusho, kwa sababu aliona makumbusho hayana baa. Uani kulikuwa na pipa la bia nyeusi na foleni. Tukageuka. Kila kona tuliyokata ilikuwa na mlango wazi, na kila mlango ulikuwa unatoa wimbo na ile harufu. Mimi nilikuwa nimevaa viatu vipya vya kijani, upumbavu wangu mwenyewe, na visigino vilikuwa vinawaka.

"Colman, mimi si basi. Nina miguu miwili tu."

"Bado kidogo."

Karibu na mto tulikutana na vijana wawili wa karakana, wamevaa makofia marefu ya kijani, kila mmoja na glasi ya plastiki mkononi.

"Mzee wa toba huyo," akasema mmoja. "Shika, Kwaresima imefungwa leo."

"Hapana, naendesha."

"Unaendesha nini? Si gari lako hilo tumelipandisha juu ya mawe wiki iliyopita?"

"Amezoea maji, huyo," akasema wa pili. "Karibu ataota magamba."

Wakacheka, na yeye akacheka, na nikaona glasi iko mkononi mwake. Sikuona alivyoipokea. Aliitazama vile alivyokuwa anawatazama watoto wake walipokuwa wachanga. Nikajikwaa, kwa makusudi kabisa, nikamgonga. Bia yote ikaishia kwenye shati lake.

"Samahani jamani. Viatu hivi vitaniua."

Tulipofika katikati ya daraja alinigeukia kwa hasira. "Sasa nitainusa siku nzima. Umenifungia kifuani."

"Ulitaka uinywe?"

Hapo ndipo aliposimama, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Aliegemea ukingo akaangalia maji ya Liffey.

"Nikipewa ile glasi ya Mama nitakunywa," akasema. "Hata kama sitaki. Mkono utakunywa wenyewe."

"Basi tusiende."

"Nisipokwenda atadhani ninakufa. Atakuja kwangu na sufuria ya supu."

"Basi waambie."

"Niwaambie nini? Kwamba mwanawe ni mlevi, Siku ya Patriki, mbele ya kabichi ya sikukuu?"

Tulicheka kwa sababu ya kabichi. Lakini mimi niliogopa. Akilini niliwaona watoto wake wamekaa Athlone kwa bibi yao mpaka wamekuwa wakubwa, nikamwona Imelda akipunguza kutupigia simu mwezi hadi mwezi. Tukaenda.

Mama alimpokea mlangoni, akavuta pua, akatabasamu. "Umeshaanza. Vizuri." Colman akanitupia jicho ambalo nililistahili.

Tulikula nyama ya nguruwe ya chumvi, viazi na hiyo kabichi. Colman aliinuka kuleta chumvi, akainuka kuleta maji, akainuka kulifunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa. Mjomba Mossie alikuwa ameiweka chupa karibu na kiwiko chake, na hata viazi havijaisha alishamimina. Alimimina bila uchoyo. Mama akasimama, sote tukasimama.

Colman akachomoa shamroki kifuani, akaitumbukiza. Akainua glasi mpaka usawa wa kidevu.

"Mama, si Kwaresima," akasema.

"Ndiyo, leo si Kwaresima. Ndiyo maana unakunywa."

"Sisemi hivyo. Nasema sikuacha kwa ajili ya Kwaresima. Nimeacha. Imelda hakwenda kumuuguza mtu, Mama. Ameniondokea. Mimi ni mlevi."

Glasi ilikuwa bado iko pale kidevuni.

"Mlevi gani?" Mjomba Mossie akatoa kicheko. "Walevi nawajua mimi. Kunywa bwana, acha mambo ya kwenye televisheni. Utatuharibia sikukuu."

"Nyamaza, Mossie," akasema Mama.

Mama hamnyamazishi Mossie. Ni mdogo wake wa mwisho, amemlea mwenyewe. Mjomba akakaa.

"Hayo maneno niliyasema mimi," akasema Mama. Alikuwa anaitazama glasi, hakumtazama yeyote kati yetu. "Nilimwambia baba yenu. Alisimama hapo hapo uliposimama, ameishika hivyo hivyo. Akasema, Attracta, kitu hiki kitaniua, nataka nikiache. Nami nilikuwa na wageni. Nikamwambia asituharibie sikukuu."

"Akafanya nini?" niliuliza, na sijui kwa nini niliuliza, maana Baba tulimzika sote.

"Akanywa. Na hakuniambia tena."

Akamnyooshea Colman mkono. "Lete, baba."

Colman alitaka kumpa, niliona alitaka, lakini vidole havikuachia. Mama akavibandua kimoja kimoja, taratibu. Akaichukua glasi pamoja na chupa ya Mossie, akaenda nazo jikoni. Tukasikia amefungua bomba, na maji yakatiririka muda mrefu sana, mrefu kuliko unaohitajika kwa glasi moja na chupa moja, na hakuna aliyeinuka kwenda kumtazama isipokuwa Colman.